Boi alikuwa mtumishi kabla hajawa mtoto

Shule zetu hufundisha mapema kwamba boy ni mvulana. Mtoto wa darasa la kwanza anaonyeshwa picha ya mvulana mwenye kaptula na mpira, anaambiwa arudie, naye anarudia. Akitoka hapo anapita kwa shambaboi anayefyeka nyasi getini, kisha anapishana na lori ambalo taniboi wake, mtu wa ndevu za mvi, anakaza kamba za turubai. Hakuna anayemweleza kwamba neno ni lile lile. Kiswahili hakijazoea kulitumia boi kwa maana ya mvulana. Mwanao wa kiume humwiti boi wako. Boi ni mtu wa kazi: wa nyumbani, wa bustani, wa lori. Umri wake hauulizwi.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba wakoloni walilichukua neno la mtoto wakambandika mtu mzima ili kumshusha. Kwamba walimshusha, sina ubishi. Ila historia ya neno lenyewe inasema jambo zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya: boy lilikuwa neno la mtumishi kwanza. Mtoto alikuja baadaye. Bwana shamba wa Kiingereza aliyemwita mpishi wake boy alikuwa anarudi, bila kujua, kwenye maana kongwe kuliko ile aliyofundishwa na mama yake.

Twende Uingereza ya miaka ya 1200. Wanormani kutoka Ufaransa walikuwa wameiteka nchi mwaka 1066, na kwa vizazi vingi mabwana walisema Kifaransa huku wakulima na watumishi wakisema Kiingereza. Katika maandishi ya karne ya 13 linajitokeza neno boie. Maana yake ni mtumishi, mtu wa chini asiye na cheo. Kufikia mwaka 1300 hivi linatumika pia kama tusi, kwa maana ya mhuni au mtu asiyefaa. Maana ya mtoto wa kiume inaonekana wazi katikati ya karne ya 14.

Sasa watoto wa kiume waliitwaje kabla ya hapo? Waingereza wa kale walikuwa na neno cnafa, ndugu wa Knabe la Wajerumani, ambalo hadi leo ni mvulana. Lakini cnafa nalo halikutulia. Lilitoka kwa mtoto likaenda kwa mtumishi, likaishia kuwa knave, yaani laghai, na likawa pia jina la ile karata ambayo leo huitwa jeki. Kwa hiyo maneno haya mawili yalipishana njiani: moja lilianza na mtoto likaishia kwa mhuni, jingine lilianza na mtumishi na mhuni likaishia kwa mtoto. Girl nalo lilikuwa la mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Mshairi wa Kiingereza Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, bado analitumia kwa vijana wa jinsia zote.

Lilikotoka boie lenyewe ndiko wataalamu wasikokubaliana, na kamusi nyingi kubwa huandika tu kwamba asili yake haina uhakika. Wako wanaolihusisha na lugha jirani za Kifrisia na Kiholanzi. Kifrisia cha mashariki kina boi kwa maana ya bwana mdogo, na Kiholanzi kina boef, mhalifu. Wako wanaokumbusha kwamba katika Kiingereza cha kale Boia lilikuwa jina la mtu, la kiume, lenye kujitegemea kabisa. Na yako maelezo ya E. J. Dobson, mtaalamu wa historia ya Kiingereza, aliyoyachapisha mwaka 1940 katika jarida la Medium Ævum. Yeye alilifuata neno hadi kwenye Kifaransa cha kale, embuié, yaani aliyetiwa kifungoni, na kutoka hapo hadi kwenye Kilatini boia.

Hapa nataka tukae kidogo. Boia ya Warumi ilikuwa ukosi wa kifungo, wa ngozi nzito, wa mti au wa chuma, aliovishwa mfungwa au mtumwa. Neno lenyewe huhusishwa na Kigiriki cha ngozi ya ng'ombe. Kama Dobson yuko sahihi, basi boy wa kwanza kabisa ni mtu aliyevishwa kitu shingoni ili ijulikane ni wa nani. Mimi naegemea upande wake, kwa sababu moja: maelezo yake yanaonyesha kwa nini utumishi na dharau vilitangulia, na mtoto akafuata. Wale wa Kifrisia wana kazi ya kunieleza namna bwana mdogo alivyogeuka mtu wa kudharauliwa, kisha akageuka tena mtoto mpendwa.

Kiingereza hakiko peke yake. Kigiriki cha kale kilikuwa na pais, mtoto, na neno hilo hilo ndilo aliloitiwa mtumwa wa umri wowote. Kilatini kilikuwa na puer. Mtumwa wa Marcus aliitwa Marcipor, wa Lucius aliitwa Lucipor, yaani kijana wa Marcus, kijana wa Lucius, kana kwamba mtu hakuzaliwa na jina lake. Wafaransa hadi juzi walimwita mhudumu wa mkahawa garçon, mvulana, hata kama ana wajukuu. Kiarabu kina ghulam, kijana na mtumishi kwa pamoja, na kwetu ghulamu liliingia katika ushairi kwa maana ya kijana.

Na sisi wa pwani tusijiweke kando. Tulikuwa na mtwana, mtumwa wa kiume, tukampunguza zaidi kwa kumwita kitwana. Wa kike tulimwita kijakazi, kwa ki- ile ile ya kupunguza, na mtu mzima akabeba umbo la kitu kidogo maisha yake yote. Mtumwa na mtumishi wote wanatokana na kutuma. Anayetumwa hana haja ya kukua, maana mkubwa ni yule anayetuma. Nadhani hiyo ndiyo fikra iliyo chini ya maneno yote haya, tangu Athene hadi Unguja. Ukishazoea kumtuma mtu, unamwona mtoto.

Kutoka Uingereza neno lilipanda meli. Kuanzia miaka ya 1600 linaonekana katika maandishi ya Kiingereza likiwa na maana ya mtumwa mweusi, au mtumishi wa Mzungu huko Asia, bila kujali umri. Lilienea hata kwa wasiosema Kiingereza. Wafaransa na Wabelgiji walilichukua hivyo hivyo kwa ajili ya makoloni yao. Ndiyo maana huko Kongo, nchi ambayo Waingereza hawakuitawala, mtumishi wa nyumbani aliitwa boy, na vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba vikaitwa boyerie. Lugha za mabwana hazikuelewana katika mambo mengi, ila neno hili zilikopeshana bila shida.

Kwetu lina sura moja ambayo kila ninapoisoma inanisimamisha. Karibu na mji wa Nasik, upande wa Bombay nchini India, Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na kituo cha Waafrika waliookolewa baharini na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walitoka upande wetu, Wayao wakiwa miongoni mwao. Walifundishwa kusoma, kuandika na ufundi, wakabatizwa, wakapewa majina ya Kiingereza. Waliporudi Afrika Mashariki, vitabu vya wasafiri viliwaita Nassick boys.

Mmoja wao ni Jacob Wainwright. Mwaka 1872 Henry Morton Stanley alipotuma watu na mizigo kutoka Unguja kwenda kwa David Livingstone, aliyekuwa akisubiri Unyanyembe karibu na Tabora, Wainwright alikuwa katika msafara huo. Livingstone akafa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake wangeweza kumzika hapo wakatawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti, Wainwright akasoma sala ya maziko kwa sababu alijua kusoma, akachonga maandishi kwenye gome la mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga, wakaubeba.

Abdullah Susi na James Chuma waliongoza. Walitembea miezi, wakapita nchi zenye vita na njaa, katika kipindi kile kile ambacho Sultani wa Unguja alitia saini mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Wainwright alikuwa akiandika shajara njia nzima. Alisafiri na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874, Livingstone alipozikwa Westminster Abbey, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Mtu aliyesoma sala, aliyechonga kumbukumbu, aliyeandika shajara kwa lugha aliyojifunza ugenini, aliyeshika jeneza mbele ya wakubwa wa Uingereza: boy. Mwenzake Matthew Wellington, Mnassick mwingine wa msafara ule, aliishi Mombasa hadi akafa mwaka 1935, mzee kabisa. Fungua vitabu vya historia, utamkuta bado kwenye orodha ya maboi wa Nasik. Sisemi kila aliyeandika hivyo alikuwa na nia mbaya. Wengi waliwapenda watu hawa na kuwasifu. Ndiyo nguvu ya neno kama hili: linaweza kukaa katikati ya sifa, likafanya kazi yake bila msomaji kushtuka.

Kisha ikaja serikali ya kikoloni na makaratasi yake. Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili wanaume wa Kiafrika mwaka 1915, vita ikachelewesha, na baada ya vita kipande kikaanza kutumika. Kila mwanaume wa Kiafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa atembee na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na habari za waajiri wake. Mwajiri aliandika mshahara na kutia saini mtu anapoanza na anapoacha kazi. Asiposaini, mtu alionekana mtoro. Karatasi iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, na kikasha kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hasira ya kipande ilikuwa miongoni mwa zilizowakusanya watu Nairobi Machi 1922, Thuku alipokamatwa na risasi zikapigwa. Kilidumu hadi 1947.

Nilipoisoma makala ya Dobson kuhusu ukosi wa Warumi, picha iliyonijia ni ya kikasha hicho.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi Nairobi miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni. Pumwani alikoishi alikuwa Mzee, watu walimpisha barazani. Upande wa pili wa mji, kwenye nyumba aliyopika, watoto wa mwajiri wake walimwita boi. Aliwakorogea uji tangu hawajaota meno, wakakua, wakajifunza kusema, na mojawapo ya maneno waliyojifunza mapema ni hilo la kumwitia. Alilisimulia bila uchungu mwingi, akikaza neno moja tu: walikuwa hawajui jina lake. Waliishi naye miaka, na jina hawakulijua.

Na hapa kuna jambo ambalo walowezi wa Kenya walilifanya kwa lugha yetu, na halizungumzwi vya kutosha. Kwa kuwa boy alikuwa mpishi mwenye mvi, walibaki bila neno la mtoto halisi wa Kiafrika aliyekuja jikoni kuosha masufuria na kuchochea moto. Wakachukua la kwetu. Wakamwita toto. Kiingereza cha walowezi kikawa na kitchen toto, kitoto cha jikoni, chini ya boy. Mtu mzima amepewa neno lao la mtoto, mtoto amepewa neno letu la mtoto, na katika nyumba nzima hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekua.

Marekani ndiko vita juu ya neno hili ilikopiganwa kwa maandishi makubwa barabarani. Katika majimbo ya kusini mwanaume mweusi aliitwa boy tangu anazaliwa hadi uzee ulipomfikisha kuitwa uncle, na kamwe hakuitwa bwana. Tarehe 1 Februari 1968 mjini Memphis, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa ndani ya lori la taka walimokuwa wamejikinga na mvua. Siku chache baadaye, tarehe 12, wafanyakazi wapatao 1,300 waligoma. Mabango waliyobeba yalikuwa na maneno manne: I AM A MAN. Walidai mshahara, walidai usalama kazini, walidai chama chao kitambuliwe, na bango likayabeba yote hayo kwa kujibu neno moja walilokuwa wakiitwa. Kabla yao, mwaka 1787, kampeni ya kupinga biashara ya watumwa huko Uingereza ilikuwa na nishani ya Josiah Wedgwood yenye Mwafrika aliyepiga magoti, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Memphis hawakuuliza. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili.

Neno likafika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2006, katika kesi ya Ash dhidi ya Tyson Foods. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku huko Alabama walinyimwa vyeo, wakasema meneja aliyewanyima alikuwa akiwaita boy. Mahakama ya rufaa ilikuwa imesema neno hilo pekee, bila kutaja rangi, si ushahidi wa ubaguzi. Mahakama ya Juu ikakataa. Ikasema si kila mara neno hilo huonyesha chuki, lakini hatuwezi kusema kwamba likisimama peke yake basi daima halina ubaya: inategemea muktadha, sauti iliyotumika, desturi ya mahali na historia ya matumizi yake. Napenda sana hukumu hiyo. Majaji wa sheria walifanya kazi ya mwanaisimu, tena vizuri.

Nikilipima boi letu kwa vipimo hivyo, napata majibu yasiyolingana. Taniboi, kwa mfano, ni cheo cha kazi chenye heshima yake barabarani. Lori likipungukiwa nguvu kwenye mlima kama Kitonga, yeye ndiye anayeruka chini kabla halijaanza kurudi nyuma, akasukuma gogo chini ya tairi. Yeye ndiye anayegonga matairi usiku kwa chuma kusikia lipi limelegea, anayejua turubai lifungwe vipi ili mvua ya upepo isiingie kwenye saruji, anayelala juu ya mzigo wakati dereva amelala kitandani. Watanzania wengi humwita utingo, na ni neno zuri. Lakini hata anayemwita taniboi mara nyingi hana nia ya kumshusha, na madereva wengi wakubwa wanajivunia kwamba walianzia hapo.

Hausiboi na shambaboi ni habari nyingine. Hayo mimi siyatumii, na nikiyasikia ndani ya nyumba ninayotembelea nauliza jina la mtu. Watumishi wenyewe walishasema wanavyotaka kuitwa, tena zamani. Dar es Salaam ya miaka ya 1940 ilikuwa na chama cha Waafrika wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, kila mtu ametajwa kwa kazi yake. Leo vyama vya wafanyakazi, CHODAWU cha Tanzania na KUDHEIHA cha Kenya, vinawatetea kama wafanyakazi wa majumbani, na Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wao, namba 189, mwezi Juni 2011. Vyumba vya nyuma bado vinatangazwa Nairobi kama SQ, makazi ya watumishi, na Uganda utasikia boizi kota hata pale anayepanga ni mwanafunzi wa chuo kikuu.

Wengi tumeliacha boi kwa nia njema, tukahamia kwenye kijana wa kazi. Angalia lakini tunachofanya. Mlinzi ana miaka 55, ana binti anayeolewa mwezi ujao, na mwenye nyumba wa miaka 30 anasema kwenye simu, "Nitamtuma kijana wangu akupokee." Hakuna Kiingereza ndani ya sentensi hiyo, na boie wa mwaka 1300 yumo mzima.

Kenya, wakati huo huo, neno limepata njia mpya. Katika mijadala ya redio na mitandaoni, wanaume wanajiita boychild, kwa madai kwamba wasichana wamesaidiwa miaka mingi na wavulana wamesahaulika. Lilianza na watoto wa shule, na hoja hiyo ya watoto ina uzito wake: pombe, kuacha masomo, malezi. Sasa wanalitumia wanaume wa miaka 40 wenye ndoa na mikopo, wakilalamikia mapenzi na hali ya maisha. Nadhani ni mara ya kwanza boy kuingia katika mazungumzo yetu ya kila siku likiwa na maana ya mtoto, na wanaolichukua kwa hiari yao ni watu wazima. Shida zao sizidharau. Neno ndilo ningewaomba waliache, maana babu zao walitumia maisha yao kulikataa.